Kijani au Dhahabu: Shajara ya Injini ya Morris ya Baba

Jumamosi, 13 Januari 2024

Leo injini imetoka. Tumeinyanyua kwa cheni bloku iliyoning'inizwa kwenye mabomba matatu, fundi akivuta mnyororo, mimi na kijana wake tukiishika isikwaruze bodi. Imekaa chini ya mwembe juu ya matairi mawili, na kuku wameshaizoea.

Gari ni Morris Minor 1000 la mwaka 1959, jeusi, milango miwili, injini ya sisi (cc) 948. Baba alilinunua Leeds, Uingereza, mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, likiwa limetumika miaka mitano. Mwishoni mwa 1967 akalipakia melini kuja nalo nyumbani. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu Juni mwaka ule kwa sababu ya vita, kwa hiyo meli ilizunguka Afrika nzima kwa kusini. Sisi watoto tumepelekwa shule nalo, tumepelekwa hospitali nalo, na dada yangu mkubwa aliolewa nalo. Tangu 1998 limelala bandani hapa Chumbageni, Tanga.

Bodi na viti vitakuwa na shajara yake. Humu nitaandika injini tu, na hasa rangi yake, kwa kuwa ndilo jambo linaloninyima usingizi. Kwa sasa imepakwa siliva, ile ile ya mageti na mabati. Fundi mmoja aliipaka miaka ya themanini bila kuvua kitu chochote: siliva iko juu ya mipira ya maji, juu ya nyaya, hata juu ya vibano. Nataka irudi kwenye rangi yake ya haki.

Jumamosi, 20 Januari

Wiki nzima nimesoma. Jibu nililolipata ni fupi: kijani.

Injini hii ni ya familia ya A-series, iliyoanza kwenye Austin A30 mwaka 1951. Mwaka uliofuata Austin na Morris ziliungana zikawa BMC (British Motor Corporation), na Morris Minor ikapewa injini ya Austin, kwanza ya sisi 803, kisha 948 mwaka 1956, na 1098 mwaka 1962. Kwenye Minor zilipakwa kijani kilichokolea, kizito, kinachofanana na jani la mkorosho lililozeeka. Bloku (mwili wa injini), silinda hedi, sampo (bakuli la oili la chini) na kifuniko cha juu vyote vilipuliziwa pamoja.

Wapo wanaoniuliza kwa nini injini ipakwe rangi kabisa, wakati imefichwa chini ya boneti. Kwanza, bloku ni ya chuma cha kusubu, na chuma hicho kikiachwa wazi kinashika kutu hata kabla gari halijauzwa. Kwa sisi wa pwani hilo halihitaji maelezo. Pili, rangi ilikuwa kitambulisho. Volvo walizipaka nyekundu injini zao za B18. Chevrolet V8 za miaka ya sitini zilikuwa za rangi ya chungwa. Ford wa Marekani kuanzia 1966 walizipaka buluu injini zao, ilhali Mustang ya 1965 yenye injini ya 289 ilikuwa na bloku nyeusi na vifuniko vya dhahabu. Mtu anayejua akifungua boneti anasoma rangi kama unavyosoma sare ya shule: huyu wa wapi, wa mwaka gani.

Nimeagiza lita moja ya kijani cha BMC kutoka Uingereza. Binamu yangu aliyeko Leicester atampa mtu anayekuja mwezi ujao. Ni ghali kuliko nilivyotaka, ila sitaki kijani cha kukisia.

Jumamosi, 27 Januari

Siku ya kuosha. Tumeanza na dizeli na brashi, tukafuata na sabuni ya unga na maji ya moto, tukarudia mara tatu. Uchafu uliotoka umejaza ndoo mbili. Siliva imebanduka yenyewe kwa mapande makubwa, maana ilipakwa juu ya grisi, na rangi iliyopakwa juu ya grisi haikushika chuma, imeshika grisi.

Upande wa kushoto, chini ya manifodi (matawi ya kuingizia hewa na kutolea moshi), kuna vifuniko viwili vya bati vinavyofunika chumba cha tapeti, yaani vipande vinavyosukuma valvu zifunguke. Vifuniko hivi huvuja oili, ni ugonjwa wa injini hizi wote tunaujua. Karibu yake kuna tundu la pampu ya petroli ambalo kwenye Morris limezibwa kwa kibamba, kwa sababu gari hili linatumia pampu ya umeme ya chapa ya SU iliyofungwa kwingine. Hapo katikati oili ilikuwa imevuja na kunasa vumbi miaka na miaka mpaka imekuwa kama lami, unene wa kidole. Sikutaka kukwangua kwa chuma. Nilichukua kijiti cha mwanzi nikaanza kutoa taratibu, nikitegemea kukutana na kijani.

Ikatoka dhahabu.

Fundi akaja kutazama. Akasema, "Dada, hiyo ni kutu tu." Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikasugua. Kutu ingepaka kitambaa rangi ya udongo. Kitambaa kikabaki na weusi wa oili tu, na pale chini pakazidi kung'aa. Ni rangi ya dhahabu iliyotulia, isiyometameta sana, kama sinia la shaba ambalo bado lina siku mbili kabla ya kusuguliwa upya. Nimefungua eneo la upana wa vidole vitatu. Jioni, kwa tochi, kwenye kona ya ndani kabisa ambako brashi haifiki, nikaona chini ya dhahabu doa la kijani, ukubwa wa punje ya mtama.

Kwa hiyo ni tabaka tatu: kijani, dhahabu, siliva. Nimepiga picha na sijamwambia Baba.

Jumapili, 28 Januari

Nimeelewa, na nikishaelewa nimekaa kimya muda mrefu.

BMC walikuwa na mpango wa kubadilishana injini. Injini yako ikichoka, unaipeleka gereji, unaiacha pale, unaongeza pesa, unapewa nyingine iliyofunguliwa na kusukwa upya kwa viwango vya kiwanda. Ile ya zamani inarudishwa, nayo isukwe apewe mwingine. Zilizofanyiwa kazi kamili ziliitwa Gold Seal na zilipakwa dhahabu. Ilikuwapo pia daraja la bei nafuu, Silver Seal, iliyopakwa fedha. Siliva yetu hii ya juu si hiyo. Kiwanda hakipulizii rangi juu ya waya na vibano vya mpira.

Nimesafisha kibamba cha namba, upande wa kulia juu ya dinamo. Injini ya Minor ya 948 iliyotoka na gari lake kiwandani namba yake huanza na 9M: 9 ni ukubwa, M ni Morris Minor. Herufi ya mwisho kabla ya tarakimu ni H au L, kuonyesha kama mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa au mdogo. Yetu haianzi na 9M. Nimetoa kadi ya gari kwenye bahasha ya Baba, nimelinganisha, na namba hazifanani.

Miaka yote Baba amekuwa akisema mbele ya wageni, mkono juu ya boneti: "Injini yake ile ile. Haijabadilishwa." Sisi tumekuwa tukirudia maneno hayo kwa watu kama tunavyorudia jina la ukoo.

Jumapili, 4 Februari

Nimemuuliza leo alasiri. Nilimpelekea kahawa na kashata barazani, nikamwonyesha picha kwenye simu. Baba ana miaka 86 na macho yake yanataka mwanga mwingi, akaisogeza simu mpaka karibu na pua.

Nikasema, "Baba, nimeikuta hii chini ya uchafu."

Akatazama. Kisha akauliza, "Bado inang'aa?"

Hakuuliza nimepata wapi wala ni nini. Alisubiri kidogo, akaniambia yote.

Ilikuwa baridi ya mwaka 1965. Walikuwa watatu ndani ya gari, Baba na wanafunzi wenzake wawili, mmoja wa Kisumu, mmoja wa Kampala, wanakwenda London. Njiani konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikaanza kugonga. Baba akaendelea kuendesha kwa sababu kulikuwa na theluji na giza lilikuwa linaingia, akasema labda itafika. Haikufika. Gereji gari lilikovutwa ikawaambia kutengeneza kutachukua siku nyingi, bora waache injini hiyo wachukue iliyosukwa. Baba hakuwa na pesa za kutosha. Wakachanga. Wa Kisumu alitoa nauli yake. Wa Kampala alikuwa ameweka akiba ya kununua koti la baridi, akaitoa yote, na baridi ile aliimaliza kwa sweta mbili na gazeti kifuani.

Wa Kisumu alilipwa kabla mwaka haujaisha. Wa Kampala alikataa kulipwa Uingereza, akasema atalipwa nyumbani, akarudi Uganda 1966. Walikuwa wakiandikiana. Kuanzia 1972 barua za Baba hazikujibiwa, na mpaka leo hazijajibiwa.

"Sasa mtu akiniuliza injini ilibadilishwa, ataniuliza kwa nini, na nani, na ilikuwaje," akasema. "Nikaona bora niseme ni ile ile."

Nikamuuliza anataka rangi gani. Akasema, "Hiyo ni kazi yako, mwanangu. Mimi nilikuwa dereva tu." Akarudi kwenye kahawa yake.

Jumamosi, 10 Februari

Kijani kimefika, kopo limefungwa vizuri. Nimelifungua, nikachovya kijiti. Kizuri mno, ndicho hasa.

Karakana leo ilijaa watu na kila mmoja ana maoni. Fundi bado yuko na siliva, kwa hoja kwamba uvujaji unaonekana haraka juu ya rangi nyepesi. Hoja hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Mpwa wangu anataka nyekundu kwa sababu gari ni jeusi na picha itatoka vizuri. Jamaa mmoja anayefuatilia maonyesho ya magari ya kale ya Nairobi, Concours d'Elegance ya pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, anasema nisiguse kitu chochote zaidi ya kijani, kwa sababu kijani ndicho kilichoandikwa, na mwamuzi akiona dhahabu atadhani ni mapambo.

Nimekaa na hoja ya kijani kwa siku sita, maana ndiyo niliyoilipia. Inasema hivi: gari lilizaliwa na injini ya kijani, basi lirudishiwe kijani. Lakini injini iliyozaliwa na gari hili iliachwa Uingereza mwaka 1965. Hii iliyoko chini ya mwembe ilizaliwa kwenye gari la mtu mwingine, ikachoka huko, ikasukwa, ikapakwa dhahabu, na siku ilipoingia katika maisha ya Baba ilikuwa ya dhahabu. Kuna doa la kijani chini yake, ndiyo, ila kijani kile ni cha familia nyingine. Nikiipaka kijani nitakuwa nimesaidia ile kauli ya "haijabadilishwa" iendelee, na sasa nikiwa najua. Siwezi.

Na upo ushahidi wa chuma. Namba kwenye kibamba ni ya injini ya kubadilishana. Mjuzi atakayesoma namba hiyo juu ya bloku ya kijani ndiye atakayeona kosa. Kwa hiyo ni dhahabu, hata mbele ya mwamuzi.

Kijani nimemuuzia mwenye Morris mmoja wa Muheza ambaye injini yake inaanza na 9M. Alifurahi kuliko mimi.

Jumamosi, 17 Februari

Kuamua dhahabu kumbe ni nusu ya kazi. Dhahabu ipi?

Wiki hii nimekata mabati madogo kutoka kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikayapiga msasa na kuyapaka dhahabu tatu tofauti. La kwanza ni rangi ya kopo la kupuliza, ya duka la vifaa vya ujenzi. La pili ni poda ya dhahabu iliyochanganywa na vanishi, ile wanayopaka fremu za picha na nakshi. La tatu ni rangi ya magari ya metaliki, iliyochanganywa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, kisha ikafunikwa kwa vanishi ya 2K, yaani yenye hadna (kigumishio).

Kila moja nimelifanyia mitihani mitatu. Kwanza oveni ya jirani yangu anayeoka keki, nyuzi 120 kwa saa nzima. Maji ya injini yakiwa sawa hayafiki nyuzi 100, hivyo bloku haihitaji rangi ya kuvumilia moto wa tanuri. Manifodi ya egzosi ndiyo hupita nyuzi 400, na hiyo haipakwi rangi hii kabisa. Pili, kitambaa chenye petroli kimelazwa juu kwa dakika kumi, kwa sababu kabureta litamwaga siku moja, halina budi. Tatu, kila bati limetundikwa ukutani kwa rafiki yangu Raskazone, likitazama bahari.

Jumamosi, 24 Februari

Majibu.

Kopo la kupuliza: oveni limevumilia, petroli imelimaliza. Kitambaa kilinyanyuka na rangi yote.

Poda na vanishi: siku ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote, na moyo wangu ulikuwa umeshaichagua. Baada ya siku saba za upepo wa bahari imegeuka kahawia, na pembeni kuna vidoa vya kijani-buluu. Poda ile ni shaba na zinki, na shaba mbele ya chumvi hufanya inavyofanya siku zote. Fremu ya picha iko sebuleni. Injini ya Tanga inapumua chumvi usiku na mchana.

Metaliki na 2K: haikubadilika popote. Chembe zake zinazong'aa ni alumini na maika, dhahabu yake inatokana na rangi ya njano iliyo kati ya chembe, na vanishi inazuia hewa. Hii ndiyo.

Ila si rangi yenyewe bado. Nimeiweka kando ya lile eneo la vidole vitatu na imeonekana ya njano sana na yenye kumetameta kama kanga ya harusi. Mara ya kwanza mchanganyaji nilimpelekea picha ya simu, na hilo lilikuwa kosa langu. Simu inapasha rangi joto. Safari ya pili nikampelekea kibamba chenyewe cha pampu, kimefungwa kwa kitambaa, kikarudi na rangi iliyoingia wekundu, rangi ya mkufu. Safari ya tatu nilipanda basi mwenyewe.

Pale dukani nimejifunza jambo ambalo naliandika ili nisilisahau. Metaliki hubadilika kwa pembe ya jicho, ukiitazama uso kwa uso ni nyepesi, ukiinamisha inakuwa nzito. Lazima vitu viwili uvishike kwa pembe moja, nje, kivulini, si chini ya taa ya tyubu. Na usilinganishe rangi ambayo haijapata vanishi, kwa sababu vanishi huizidisha uzito. Mchanganyaji aliweka chembe ndogo zaidi, akaongeza tone la kahawia na nukta ya nyeusi, akakausha, akapuliza vanishi iliyopunguzwa mng'ao. Mara ya nne tukaweka kibamba juu ya bati na sote wawili tukawa tunautafuta mpaka ulio kati ya rangi mbili. Nimechukua nusu lita. Inatosha injini nzima na akiba.

Jumamosi, 2 Machi

Kutayarisha chuma. Hapa ndipo nilipoteleza.

Alhamisi niliridhika kwamba bloku ni safi, nikapaka praima jioni ile ile kwa sababu masika yanakaribia na kila siku kavu naihesabu. Ijumaa asubuhi praima ilikuwa imeumuka malengelenge kuzunguka chumba cha tapeti. Chuma cha kusubu kina vinyweleo, na hiki kimekunywa oili kwa miaka hamsini na kitu. Ukikiosha nje, cha ndani kinasubiri. Jua la asubuhi lilipokipasha, oili ikatoka jasho na kuibandua praima kutoka chini.

Nimetoa yote. Safari hii bloku imeoshwa, ikaachwa juani mpaka haishikiki, ikafutwa kwa thina, ikaachwa tena, ikafutwa tena. Kitambaa cha mara ya tano ndicho kilichotoka cheupe. Penye kutu nimepaka asidi ya fosfori, nikasafisha, nikakausha papo hapo, maana kwa unyevu wa hapa chuma kilicho uchi kinaanza kuwa cha udongo kabla hujamaliza chai. Nyuso zote zinazokutana na gasketi, tundu za plagi, na mahali unapofungwa waya wa ethi nimeziba kwa tepu na karatasi. Ethi isipopata chuma kitupu, stata itaugua na utaanza kulaumu betri.

Lile eneo la vidole vitatu la dhahabu ya zamani, kando ya kibamba cha pampu, nalo nimeliziba kwa tepu. Halitapakwa. Nilitaka libaki.

Jumamosi, 9 Machi

Imepakwa.

Tulianza saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo bado haujaamka. Chuma kilikuwa cha uvuguvugu kwa jua, na hilo ni muhimu: chuma baridi asubuhi ya Tanga kinatoa jasho usiloliona, na vanishi inaingia ukungu mweupe. Tulimwaga maji ardhini kutuliza vumbi, kuku tukawafungia.

Praima tabaka moja jembamba. Dhahabu tabaka tatu, nyembamba, dakika kumi na tano kati yake, la mwisho likipulizwa kwa mbali kidogo ili chembe zilale sawasawa zisifanye mawingu. Kisha vanishi, sehemu mbili kwa moja ya hadna, tabaka mbili. Kwenye hadna naomba kila mtu anisikie. Ina isosayanati, inaharibu mapafu kimya kimya, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii. Fundi amezoea kufunga shati puani. Nimemnunulia barakoa yenye vichujio vya mvuke, na nilikataa kufungua kopo mpaka aivae.

Manifodi ya kuingizia, ya alumini, imeachwa na uso wake. Ya egzosi imesuguliwa tu. Dinamo ya Lucas imepata nyeusi.

Fundi, aliyekuwa akitaka siliva, alisimama mbele yake muda. Akasema, "Sasa hii ukiivujisha oili utaona aibu." Halafu akachukua simu akapiga picha zaidi ya kumi.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna rangi wiki hii. Mfungo umeanza, fundi anafanya kazi asubuhi tu na ni haki yake. Tumerudisha silinda hedi, tumekaza kwa mpangilio, tumeweka gasketi mpya za kork kwenye vifuniko vya tapeti. Rangi imekauka vya kutosha kutoshika alama ya spana, isipokuwa nati moja ambapo nilikaza bila washa. Nimeigusia kwa brashi ndogo.

Jumamosi, 23 Machi

Injini iko ndani ya gari, imejazwa maji na oili. Tulisubiri alasiri jua lipoe ndipo Baba atoke. Alikuja polepole na fimbo yake, amevaa koti, ingawa ni joto.

Iliwaka mara ya nne. Mwanzo ilikohoa, kabureta likahitaji kurekebishwa, kisha ikatulia kwenye ule mlio wa Morris ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa sekondari. Baada ya dakika kumi ilitoa moshi mwepesi na harufu ya rangi inayopata joto mara ya kwanza. Nilijua itatoka lakini bado nilikimbia kuangalia. Hakuna lengelenge popote.

Tulipoizima nilimwonyesha Baba lile eneo la zamani. Akaniomba nimshike mkono asianguke, akainama, akaweka kidole gumba juu yake. Dhahabu yake na dhahabu yangu zinakutana chini ya kucha, na kwa macho yake hakuweza kuuona mpaka. Mimi nauona. Akaniambia nipige picha nimtumie mzee wa Kisumu, ambaye bado huongea naye kwa simu kila Idi na kila Krismasi. Nimeituma kwa mjukuu wake.

Jibu lilikuja baada ya futari, ujumbe wa sauti. Mzee anacheka, anakohoa, kisha anauliza kwa Kiswahili chake cha zamani: "Na koti la yule bwana, mlilipa?" Baba aliusikiliza mara mbili. Akaniambia kesho nimtafutie ile anwani ya Kampala kwenye bahasha ya barua za zamani, ajaribu tena, safari hii aweke na picha.

Kifuniko cha nyuma cha tapeti kimeanza kutoa unyevu mdogo wa oili. Jumamosi ijayo nitakaza robo mzunguko, nisizidishe, kork hupasuka.